Raketi ya Udhibiti: Uichagueje, Uitie Nyuzi Gani

Mchezaji wa tenisi akishakomaa, shida yake hugeuka. Zamani alitamani mpira uvuke wavu na kufika mbali. Sasa unavuka kwa kishindo, ila unatua shubiri moja nje ya mstari wa nyuma, na akipunguza nguvu ili ubaki ndani, mpinzani anapata mpira laini wa kumalizia. Huyo ndiye anayefaa raketi ya udhibiti. Anayeitegemea bado raketi imsukumie mpira aendelee na fremu yake ya gramu 300 na kichwa cha inchi za mraba 100, wala asione haya: Rafael Nadal alishinda French Open mara 14, na kichwa cha inchi 100 hakikumzuia.

Kabla ya kutoa pesa, ujue unanunua nini. Raketi haiujui mstari uko wapi. Mpira hutua pale unapopelekwa na pembe unayotokea nyuzini, kasi yake na mzunguko wake, na sehemu kubwa ya hayo inatoka mkononi mwako. Kazi ya raketi ni kutokuongeza maajabu yake. Ukipiga pigo lilelile, itoe pembe ileile: gemu ya kwanza na gemu ya thelathini, Jumatatu na Jumamosi. Kila uamuzi, kuanzia ukubwa wa kichwa hadi fundo la mwisho, naupima kwa kipimo hicho. Ndiyo maana nitasema mengi juu ya nyuzi kuliko fremu, ingawa dukani utaoneshwa fremu tu.

Fremu

Raketi za udhibiti zina kichwa cha inchi za mraba 95 hadi 98, yaani sentimita za mraba 613 hadi 632. Uzi mfupi haubonyei sana, kwa hiyo mpira hutoka chini zaidi na kwa pembe isiyobadilika ovyo. Lakini usivutwe na sifa za wakongwe. Pete Sampras alitwaa Wimbledon mara saba kwa kichwa cha inchi 85, na Roger Federer alidumu na kile cha 90 hadi mwanzoni mwa 2014, alipohamia 97 akiwa tayari na mataji 17 ya Grand Slam. Hakuhama kwa kuwa mkono umempotea. Mipira ya wapinzani wake ilikuwa inazunguka na kuruka juu kiasi kwamba kichwa kidogo kiliadhibu kila pigo lililokosa kitovu cha raketi kwa upana wa kidole, hasa bekhendi ya mkono mmoja inayopigwa usawa wa bega. Mpira ukikosa kitovu husokota fremu mkononi, na fremu iliyosokotwa haitoi pembe ileile. Kwa mchezaji wa klabu mwenye mkono mzuri, 97 au 98 inatosha. Chini ya 95 ni raketi ya kutundika ukutani.

Lakini kichwa kidogo si sharti. Head Speed Pro ina inchi 100, ila ina nyuzi 18 za wima na 20 za mlalo, na kwa hilo inaingia katika kundi hili bila kuomba ruhusa.

Hesabu hiyo ya nyuzi inaandikwa kwenye fremu yenyewe, wima kwanza: 16x19 au 18x20. Katika 18x20 vijumba ni vidogo, mpira hauzami sana, hutoka chini na hutulia. Inamfaa anayepiga mipira bapa, anayeubadilishia mpira njia kwa kuusindikiza tu, anayependa voli na slaisi. Katika 16x19 nyuzi za wima zina nafasi ya kuteleza pembeni na kurudi kwa ghafla mpira ukiwa bado juu yake, na kurudi huko kunaongeza mzunguko. Mpira hutoka juu zaidi, kisha mzunguko unaushusha ndani ya uwanja. Zote mbili ni njia za udhibiti, na kosa la wengi ni kununua 18x20 kwa sababu inasikika ya kitaalamu. Mwombe mwenzako akupige video ukiwa umesimama ubavu kwake, upige fohendi kama ishirini. Kichwa cha raketi kikipanda kwa mwinuko mkali kuelekea mpira, wewe ni wa 16x19. Kikienda karibu sambamba na ardhi, jaribu 18x20.

Unene wa fremu uwe milimita 20 hadi 22 au 23. Fremu nene haipindi kirahisi, kwa hiyo inarudisha nguvu nyingi kwenye mpira, na nguvu hiyo hukuiomba. Ugumu wake hupimwa kwa kipimo kinachoitwa RA. Raketi za nguvu huvuka 68 na hata 70. Za udhibiti nyingi ziko chini ya 65. Mwenye kiwiko kinacholalamika asome namba hii kabla ya bei.

Sasa uzito, na hapa nitakaa kidogo. Raketi nzito inashinda mabishano na mpira. Haisukumwi nyuma ukizuia sevu kali, haisokotwi kirahisi, na kwa kuwa ina uzito wake inakuruhusu kupiga kwa mwendo uliotulia. Lakini uzito unaoandikwa dukani, gramu 305 au 320, ni wa raketi isiyo na nyuzi. Nyuzi zenyewe zinaongeza gramu 15 hadi 17 na mkanda wa mpini kama gramu 5. Tena uzito wa mizani hausemi yote. Raketi mbili za gramu 330 zinaweza kuhisiwa tofauti kabisa, moja ikiwa na uzito kichwani, nyingine mpinini. Kinachohesabika unapozungusha mkono ni uzito wa mzunguko, ambao watengenezaji na mafundi huupima kwa mashine maalumu. Raketi ya udhibiti iliyotiwa nyuzi huwa kati ya pointi 315 na 330 za uzito huo wa mzunguko. Chini ya hapo itatikiswa na mpira mzito. Juu yake unahitaji bega la mtu anayefanya mazoezi kila siku.

Kanuni yangu ni hii: chukua raketi nzito kuliko zote ambazo bado unaifikisha mbele kwa wakati katika seti ya tatu. Nasema seti ya tatu makusudi. Dakika kumi za kujaribu raketi na kocha anayekulisha mipira laini hazikuonyeshi chochote. Raketi ya gramu 340 kama Wilson Pro Staff RF97 ya Federer ni tamu mno kwa dakika kumi. Iazime, uicheze saa mbili na mtu anayekuzidi, halafu uangalie mipira yako inatokea wapi. Ikiwa mingi inatoka nyuma ya mstari, raketi inarusha juu au nyuzi zimelegea, na hilo lina dawa. Ikiwa inatoka pembeni, hasa kuelekea upande wa mkono unaoshika raketi, unachelewa, na raketi imekuzidi uzito. Ikiwa inatoka popote pale bila mpango wakati wewe unazuia tu, fremu inasokotwa, na unahitaji uzito zaidi kichwani.

Hiyo ya mwisho inarekebishika nyumbani. Utepe wa risasi, ule wenye gundi upande mmoja, ukibandikwa saa tatu na saa tisa za kichwa, gramu mbili kila upande, unaongeza takriban pointi 7 za uzito wa mzunguko na kuifanya fremu isisokotwe. Ukibandika gramu tatu juu kabisa, saa kumi na mbili, unaongeza karibu 10, lakini hapo mkono utaanza kuchelewa. Ni heri kununua fremu nyepesi kidogo ya gramu 305 na kuiongeza kuliko kununua nzito usiyoweza kuipunguza. Bandika, cheza wiki moja, kisha ndipo ubandike tena. Risasi ni sumu, kwa hiyo ifunike kwa utepe wa kawaida na unawe mikono.

Majina? Wilson Blade 98 ndiyo mahali salama pa kuanzia: gramu 305, na inapatikana kwa 16x19 na kwa 18x20. Yonex Percept 97 ni gramu 310, laini mkononi. Head Prestige, jina lililokuwepo tangu miaka ya 1980, katika umbo lake la Pro ni gramu 320 na 18x20, na haisamehe mguu mvivu. Babolat Pure Strike 98 ni ya anayetaka udhibiti bila kuacha nguvu zote mlangoni. Usinunue kwa sababu ya mchezaji aliye kwenye bango. Ni jambo la kawaida kwa nyota kucheza na fremu ya zamani au iliyotengenezwa kwa mkono wake, iliyopakwa rangi ya ile inayouzwa msimu huo.

Ukinunua mbili, na mshindani anahitaji mbili, zipime. Tofauti ya gramu tano au zaidi kati ya raketi mbili za jina moja si ajabu. Beba mizani ya jikoni dukani, wakucheke. Pima pia urari: ilaze raketi isiyo na nyuzi juu ya ukingo wa rula hadi itulie, kisha upime kutoka kitakoni mwa mpini. Sentimita 31 hadi 32 ndiyo kawaida ya kundi hili. Muhimu zaidi, hizo mbili zilingane.

Mpini usikusumbue sana. Chagua unaokaza bila kubana, na kama umekwama kati ya saizi mbili chukua ndogo, mkanda wa juu utaunenepesha. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam mkanda mkavu kama Tourna Grip ya buluu unafaa kuliko ile ya kunata, ambayo jasho likiizidi huteleza kama sabuni. Raketi inayogeuka mkononi imekwisha kukunyang'anya udhibiti kabla hata mpira haujafika.

Nyuzi

Mwaka 1977, huko Aix-en-Provence nchini Ufaransa, Ilie Năstase aliingia uwanjani na raketi ya ajabu iliyotiwa nyuzi za tabaka mbili. Guillermo Vilas, aliyekuwa hashindiki kwenye udongo, aliacha mchezo akiwa nyuma kwa seti mbili; mpira ulikuwa ukizunguka asivyoweza kuusoma. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa, ITF, likaifungia raketi hiyo kwa kanuni inayotaka utando mmoja wa nyuzi zilizosukwa. Siri yake ilikuwa nyuzi za wima kuteleza na kurudi. Miaka 20 baadaye Gustavo Kuerten, asiyejulikana na wengi, alishinda French Open ya 1997 na nyuzi za poliesta za Luxilon, ngumu na telezi, zilizokuwa zikifanya karibu kazi ileile ndani ya sheria. Tangu hapo poliesta imetawala.

Kwa raketi ya udhibiti, poliesta ndiyo chaguo la kwanza la mpigaji mwenye nguvu. Haikupi mwendo wa bure, na inateleza na kurudi vizuri. Unene wa milimita 1.25 ndio wa katikati, 1.20 hung'ata mpira zaidi lakini hukatika mapema, 1.30 hudumu. Katika 18x20 natia 1.20 au 1.25, maana utando umeshabana wenyewe.

Nyuzi za utumbo wa ng'ombe ni kinyume cha poliesta. Ni laini, zina nguvu, na hakuna uzi mwingine unaoushikilia mkazo wake kwa muda mrefu kama huo. Ndiyo maana Federer alitia utumbo wima na poliesta mlalo, na Novak Djokovic anafanya vivyo hivyo. Mchanganyiko huo ni ghali na haupendi unyevu. Mvua ikiukuta uwanjani, au ukikaa wiki kadhaa kwenye hewa ya pwani bila mfuko, utumbo huanza kuchanika nyuzinyuzi. Anayeishi Nairobi au Arusha ataufaidi kuliko anayeishi Tanga. Njia ya bei nafuu ni poliesta wima na nailoni ya nyuzinyuzi nyingi mlalo. Inapunguza ukali mkononi, inashikilia mkazo kidogo, na mwenye kiwiko kibovu angeanzia hapo. Mwenye kiwiko kibovu zaidi aache poliesta kabisa kwa msimu mmoja.

Mkazo sasa. Watu wanaamini mkazo mkubwa ni udhibiti na mdogo ni nguvu, na kwa kiasi ni kweli. Lakini ukikaza zaidi kwa kilo moja, kasi ya mpira haibadiliki hata uione. Kinachobadilika ni muda mpira unaokaa nyuzini na urefu unaotokea: nyuzi zilizolegea huurusha juu kidogo, na juu kidogo hapa ni mbali sana kule. Adrian Mannarino wa Ufaransa, mmoja wa wapigaji wenye vipimo vya uhakika, anajulikana kwa kutia nyuzi kwa mkazo wa chini ajabu. Ana mwendo mfupi na bapa, na pembe yake haibadiliki. Kwake kilo chache ni udhibiti. Kwa mtu anayefyatua raketi kutoka nyuma ya mgongo zingekuwa maafa.

Kwa poliesta kamili kwenye 98 ya 16x19, anza na kilo 23, ambazo ni kama paundi 51. Kwa 18x20 anza na 22, au hata 21, kwa kuwa utando mzito unahisiwa mgumu. Ukitia utumbo wima, weka kilo 24 na mlalo wa poliesta uwe kilo moja chini yake. Kisha ubadilishe nusu kilo au kilo moja kila unapotia upya, kitu kimoja kwa wakati. Anayebadilisha uzi, unene na mkazo siku hiyohiyo hatajua kipi kimemsaidia. Poliesta juu ya kilo 25 siioni faida yake kwa mchezaji wa klabu: inaumiza mkono, na nyuzi zenyewe zinaacha kuteleza.

Urefu wa mahali toka usawa wa bahari ni jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka, na sisi hatuwezi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu, Arusha karibu 1,400, Kigali zaidi ya 1,500. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa yapata sehemu moja ya sita kuliko ya Mombasa. Mpira haupati hewa ya kuuzuia, na mzunguko haupati hewa ya kuukamata na kuuvuta chini; topspini iliyokuwa ikizama Mombasa inaelea Nairobi. Juu ya hayo, mpira wenye gesi ndani huruka juu zaidi kwa kuwa hewa ya nje inayoubana ni hafifu. ITF ina aina ya mpira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Uliza ni mpira gani utakaotumika kabla hujagusa nyuzi. Kama ni wa kawaida, anayetoka pwani akaze kilo moja hadi moja na nusu zaidi. Kama ni ule wa maeneo ya juu, nusu kilo inatosha. Anayeshuka kutoka Nairobi afanye kinyume, lakini asilegeze kupita kiasi, maana joto la pwani nalo huuchangamsha mpira na kulainisha nyuzi. Na usiache raketi kwenye buti la gari mchana wa Dar. Hakuna uzi unaoipenda tanuri hiyo.

Sasa jambo linalowaharibia wengi mchezo bila wao kujua: poliesta hufa kabla ya kukatika. Huanza kulegea pale pale inaposhuka mashinini, na siku ya kwanza inaweza kupoteza kilo moja au mbili hata kabla hujaigusa. Baada ya saa 10 hadi 15 za kupigwa kwa nguvu haitelezi tena. Tazama kwa karibu mahali uzi wa wima unapokatana na wa mlalo, katikati ya kichwa. Utaona kijikato, kama msumeno umepita. Usukume uzi wa wima kwa kidole hadi pembeni, uuachie. Ukiwa hai, unarudi mahali pake kwa mlio mfupi. Ukiwa umekufa, unabaki ulipouacha, umekwama kwenye kijikato cha mwenzake. Uzi huo unatoa pembe moja ukirudi na nyingine usiporudi, na wewe utamaliza mwezi mzima ukirekebisha fohendi isiyo na ugonjwa. Viwanja vya murram huharakisha kifo hicho, kwa sababu vumbi linaingia kati ya nyuzi na kusaga.

Kuna kanuni ya zamani inayosema tia nyuzi upya kwa mwaka mara zilezile unazocheza kwa wiki. Iliandikwa kwa nailoni na utumbo. Mpigaji wa poliesta anayecheza mara nne kwa wiki akitia mara nne kwa mwaka, anacheza na waya kwa miezi tisa. Pesa ya kununua fremu mpya kila mwaka afadhali inunue rola ya mita 200, inayotosha raketi kumi na sita au zaidi. Pakua pia programu ya simu inayosikiliza mlio wa nyuzi na kukadiria mkazo. Namba yake usiiamini kama namba. Andika ilivyokuwa siku ya kwanza, na ikishuka kwa moja ya tano, kata.

Mezani kwa fundi

Kilo 23 za fundi mmoja si kilo 23 za mwingine. Mashine ya umeme, na ile ya uzito wa kuning'inia, huendelea kuvuta wakati uzi unanyooka. Mashine ya mkono ya kukunja hujifunga mara uzi unapofika kwenye kipimo, na uzi ukinyooka baada ya hapo mkazo unashuka. Raketi inayotoka kwenye mashine ya mkono huwa imelegea kidogo; mwambie fundi aongeze kilo moja au zaidi ikiwa ulizoea ya umeme. Bora zaidi, ushikamane na fundi mmoja hata kama si fundi bora mjini. Anayekosea vilevile kila mara anakupa raketi ileile kila mara. Mwachie karatasi: jina la uzi, unene, mkazo wa wima na wa mlalo, kipande kimoja au viwili. Tarehe iandikwe kwa kalamu kwenye utepe shingoni mwa raketi.

Anayetia mwenyewe, na mchezaji makini mwenye rola yake hufika huko, aanze na mashine ya uzito wa kuning'inia. Ni ya polepole lakini haidanganyi. Kata nyuzi za zamani kwa kuanzia katikati, wima na mlalo kwa zamu, fremu isivutwe upande mmoja. Kagua grometi, zile bomba ndogo za plastiki kwenye matundu; iliyopasuka itakata uzi mpya ndani ya saa moja. Tafuta ramani ya fremu yako kwa mtengenezaji, kwa kuwa matundu ya kuruka na ya kufungia hayafanani baina ya fremu. Uzi wa mita 12 ukitiwa vipande viwili kwenye 18x20, weka mita 6.3 hivi wima na 5.7 mlalo.

Fremu ibanwe mashinini ikae imara bila kulazimishwa. Vuta nyuzi mbili za katikati, kisha kulia na kushoto kwa zamu, upande mmoja usiutangulie mwingine kwa zaidi ya nyuzi mbili. Poliesta ivutwe taratibu, isipigwe kikunjo hata kimoja. Palipokunjika ndipo patakapokatika. Usiivutevute kabla ya kuitia kama wanavyofanya kwa utumbo, utaiua mapema. Uzi wa mwisho wa wima uongezee kilo mbili, maana kati ya kibano na fundo mkazo hupotea.

Mlalo ndio unaochosha. Anzia kichwani, ushuke kuelekea shingoni; ukipanda kinyume chake fremu inabebeshwa mzigo isioutarajia. Mkono mmoja juu ya utando unausukuma uzi, mwingine chini unaupokea, juu, chini, juu, chini, mara 18. Fundi mzoefu husuka mmoja mbele: kabla ya kuvuta uzi wa tano, wa sita umeshapitishwa ukiwa legelege, na wa tano ukishavutwa unazitenganisha nyuzi za wima ili wa saba upite kirahisi. Unapouvuta uzi mzima kupitia utando, upindishe kama upinde huku ukiusogeza juu na chini, usipite mahali pamoja tu. Msuguano huunguza nyuzi za wima, na utumbo ndio unaoungua upesi. Kabla ya kila mvuto soma mstari mzima kwa jicho. Kosa la kusuka likigunduliwa nyuzi tano baadaye ni saa nzima imepotea. Nyoosha kila mlalo kwa vidole kabla ya kuuvuta unaofuata. Nyuzi zilizopinda hulegea zikishajinyoosha zenyewe uwanjani.

Funga, kaza fundo kwa mkono au koleo bila kulitundika kwenye mashine, kata ukiacha milimita tano. Toa fremu, ipime urefu. Ikiwa imefupika au kurefuka zaidi ya milimita mbili au tatu kuliko ilivyokuwa, uwiano wa wima na mlalo haujakaa sawa.

Poliesta mpya iache ilale usiku mmoja kabla ya mechi, ili ule mlegeo wa kwanza upite bila wewe. Kwa mashindano zitie nyuzi raketi zote mbili siku moja, ya pili kwa nusu kilo zaidi ya ya kwanza. Siku ikiwa na joto na mipira inaruka, unaanza na hiyo ya pili. Ya kwanza ikilegea katikati ya mechi, unaibadilisha mipira inapobadilishwa, kama wanavyofanya wa kulipwa: baada ya gemu saba za mwanzo, kisha kila tisa.